UZI: Picha za vita za karne ya 19 zilizochapwa kwa jiwe. Kabla ya bei, uliza mchoraji alisimama wapi

KaratasiKuukuu (Nakuru)

Wadau, kuna swali linalonijia kila mara kwa ujumbe wa faragha. Mtu amepata picha ya zamani ya vita, ina farasi, bendera na moshi wa mizinga, muuzaji anaapa kuwa ni ya karne ya 19. Je, ainunue? Nami humuuliza: aliyeichora alikuwa wapi siku ya pambano? Wengine huona nimewakwepa. Sijakwepa. Kwangu hilo ndilo swali la kwanza, hata bei hufuata nyuma yake, na leo nataka nilieleze kwa kirefu.

Huku kwetu picha hizi si ngeni. Masetla wa Njoro, Molo na Subukia walikuja na mapambo yao ya ukutani, na walipouza mashamba wakati wa Uhuru vitu vingi vya nyumbani vilibaki: makabati, viti, vitabu, picha. Vimepita mikono mingi tangu hapo. Ukizunguka kwa wauza fanicha kuukuu ukiwa na subira, utaikuta fremu imeegemezwa nyuma ya kabati, kioo kimejaa vumbi, na hakuna anayejua kilichomo.

Nianze na jiwe lenyewe, maana asiyelijua atauziwa chochote. Uchapaji wa litho, yaani kwa jiwe, ulibuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwaka 1796. Jiwe lenyewe ni la chokaa, na lililosifika zaidi lilichimbwa Solnhofen, hukohuko Bavaria. Linasuguliwa kwa mchanga na maji hadi uso uwe sawa, kisha mchoraji anachora juu yake kwa kalamu ya nta, sabuni na masizi, akigeuza kila kitu, cha kulia kiwe kushoto. Halafu linapakwa gundi ya mgunga iliyotiwa asidi kidogo, gundi ileile inayovunwa Sudan na hata Turkana na Samburu. Likiloweshwa, maji hukaa pale pasipochorwa. Wino wa mafuta ukipitishwa huyakimbia maji na kushika mchoro peke yake. Karatasi inalazwa, mashine inakandamiza, nakala inatoka. Kazi ikiisha jiwe linasuguliwa tena na kuchorwa kingine. Ndiyo maana mtu akidai ana nakala mpya iliyochapwa kwa jiwe la asili la enzi hizo, mtilie shaka. Mawe mengi yalifutwa zamani.

Rangi mwanzoni zilipakwa kwa mkono. Kule New York, katika kampuni ya Currier & Ives, wanawake walikaa kwenye meza ndefu, kila mmoja na rangi yake, picha ikipita toka mkono hadi mkono. Nakala ndogo ziliuzwa kwa senti chache tu, kwa hiyo tusidhani kila litho ilikuwa mali ya matajiri. Mwaka 1837 Godefroy Engelmann akapata hataza Ufaransa ya kuchapa rangi kwa mawe, kila rangi na jiwe lake. Hizo ndizo kromolitho. Picha moja inaweza kubeba mawe kumi au zaidi, na jiwe moja likiteleza kidogo tu, mstari wa rangi unatoka nje ya sura ya askari.

Kwa nini vita? Kwa sababu watu walikuwa na kiu ya kuona, na kamera ilikuwa bado. Mpiga picha Roger Fenton alikuwa na kamera mwaka 1855 huko Crimea, ambako Uingereza ilikuwa ikipigana na Urusi, lakini vioo vyake vilihitaji sekunde kadhaa za mwanga. Askari aliyekaa mbele ya hema alipigika vizuri. Farasi anayekimbia angebaki ukungu. Pambano lenyewe likaachiwa mchoraji.

Na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. William Simpson wa Glasgow ndiye mchoraji wa Crimea anayejulikana kuliko wote. Picha zake zilitolewa na Colnaghi wa London mwaka 1855 na 1856, zikachapwa na Day & Son; majina hayo utayaona ukingoni chini. Moja inaonyesha shambulio maarufu la wapanda farasi wa Uingereza huko Balaclava, tarehe 25 Oktoba 1854. Simpson alifika Crimea mwezi wa Novemba.

Hakuliona. Alilitunga kwa kulitazama bonde na kuwahoji waliosalia. Kisha akampelekea mchoro Lord Cardigan, aliyeongoza shambulio, aukague. Cardigan akautazama, hakupendezwa, akasema mambo hayakuwa hivyo. Simpson akachora upya. Ukakataliwa tena. Mara ya tatu akapewa sifa tele. Simpson mwenyewe alikuja kueleza kilichobadilika: safari hiyo alikuwa amehakikisha mheshimiwa anaonekana wazi mbele ya kikosi chake.

Naipenda sana picha ile. Umeliona bonde ukiwa juu, mistari ya farasi inaingia kwenye moshi, na mtu anaonekana mdogo mbele ya milima. Lakini ukiitundika sebuleni ujue unatundika vitu viwili: uchoraji wa hali ya juu, na idhini ya jenerali. Ukijua hivyo picha inazidi kuwa tamu, haipungui.

Mfano wa pili ni Marekani. Kampuni ya Kurz & Allison ya Chicago ilitoa kromolitho 36 za vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia miaka ya 1880 hadi mwanzo wa miaka ya 1890. Vita viliisha 1865. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi ilikuwa imepita. Ndiyo sababu askari wao wamepangwa mistari iliyonyooka, sare safi, nyuso zinafanana. Wenzao wa Boston, kampuni ya Louis Prang, walitoa picha 18 kati ya 1886 na 1888. Nyingi zilichorwa na Thure de Thulstrup, Mswidi aliyewahi kuwa askari, na kwa macho yangu tofauti inaonekana. Askari wa Thulstrup wanainama, wanachoka, wanatazama pembeni.

Hata hivyo Kurz & Allison walifanya jambo ambalo wengi hawakulifanya. Waliwaweka askari Weusi katikati ya picha. Ile ya Fort Wagner, ya mwaka 1890, inaonyesha kikosi cha 54 cha Massachusetts kikipanda ukuta wa ngome tarehe 18 Julai 1863, kamanda wao Robert Gould Shaw akipigwa risasi pale juu. Shambulio la kweli lilianza jioni giza likiingia. Kwenye picha kila uso unaonekana. Sijali. Watu hao walipanda ukuta ule kweli, na William Carney aliyeiokoa bendera yao alikuja kupewa nishani ya juu kabisa ya nchi mwaka 1900. Kama ningeambiwa nichague kromolitho moja tu ya vita hivyo, ningeichukua hiyo.

Namna ya kuzitambua nitaeleza wadau wakiuliza, nisije nikachosha.

Ziwani77 (Kisumu)

Mwalimu, shukrani kwa somo. Mimi nina hiyo ya Balaclava, au naamini ni hiyo. Babu alikuwa karani wa reli, akaipata kwa bosi wake alipokuwa anarudi kwao. Imekaa sebuleni Milimani miaka yote. Karatasi imeanza madoa ya kahawia kama kutu, na kuzunguka picha kuna mstari wa kahawia ulionyooka kabisa. Fundi wa fremu anataka akate ukingo aitoshe kwenye fremu mpya, na jirani ananiambia madoa yanatoka kwa Jik. Nifanye nini?

KaratasiKuukuu (Nakuru)

Ndugu yangu wa Ziwani, simamisha fundi leo. Ukingo usiguswe. Ukingo ndio wenye jina la mchoraji, mchapaji na tarehe, na litho iliyokatwa ukingo hushuka thamani hata kama picha yenyewe ni nzima. Jik ndiyo mbaya zaidi. Doa litafifia, lakini nyuzi za karatasi zitalegea na baada ya muda itakatika yenyewe.

Kuhusu huo mstari wa kahawia: fungua nyuma ya fremu polepole, picha ikiwa imelala kifudifudi juu ya kitambaa safi. Utakuta misumari midogo yenye kutu, halafu hadibodi au kadibodi iliyogeuka rangi ya chai. Nyanyua ukingo wake uone. Pale kadibodi ilipogusa karatasi ndipo palipoungua, na mpaka umenyooka kwa sababu kadibodi ilikatwa kwa rula. Asidi ya mbao ndiyo imefanya hivyo, taratibu, mwaka baada ya mwaka. Itoe, na usirudishe ya aina hiyo. Tafuta kadibodi isiyo na asidi, wenye maduka ya vifaa vya sanaa Nairobi huagiza. Kama karatasi imegandishwa kwa selotepu usiivute. Iache hapo mpaka umpate mtaalamu wa kuhifadhi karatasi, kwa sababu gundi ya selotepu ikivutwa hung'oka na uso wa karatasi.

Halafu Kisumu ina unyevu wa ziwa, na hayo madoa madogo hupenda unyevu. Usitundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala ukuta wa bafu. Weka vipande viwili vya koki, ile ya vizibo vya chupa, nyuma ya fremu, pembe za chini, ili hewa ipite kati yake na ukuta. Kioo kisigusane na karatasi. Na jua la kwetu lisiifikie hata kwa saa moja ya alasiri, hasa kama rangi zimepakwa kwa mkono.

Dada_wa_Kapsabet

Nimesoma yote kwa heshima, ila nina neno zito. Nyumba nyingi za masetla zilikuwa na picha za vita vya Omdurman, Sudan. Waafrika wanakufa kwa maelfu na picha inashangilia. Huku kwetu Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 akiwa ameitwa kwenye mazungumzo ya amani. Kwa nini Mnandi atumie pesa yake kununua furaha ya watu waliofanya hivyo?

KaratasiKuukuu (Nakuru)

Dada, swali lako ni la haki na sitalipita juujuu.

Omdurman ilipiganwa tarehe 2 Septemba 1898. Picha zilizopendwa sana Uingereza baada ya hapo zilikuwa za kikosi cha 21 cha wapanda farasi wenye mikuki. Richard Caton Woodville alilichora shambulio lao, naye hakuwa Sudan. Ukiitazama utadhani vita vilikuwa vya mkuki kwa upanga, mwanamume kwa mwanamume. Ukweli ni kwamba wapanda farasi hao walikuwa kama 400 tu, na shambulio lao halikuamua chochote. Wasudan zaidi ya 10,000 waliuawa siku hiyo, wengi wao kwa mizinga na bunduki za rashasha za Maxim wakiwa bado mbali. Upande wa Waingereza na Wamisri waliokufa hawakufika hata 50.

Bunduki ya Maxim haipendezi ukutani. Hakuna ushujaa wa kuchora katika mtu aliyekaa nyuma ya chuma akifyatua. Kwa hiyo ikatolewa kwenye picha, farasi wakaingizwa. Mimi naziweka picha za namna hiyo kwa sababu ya kile kilichotolewa. Mtoto wangu akiuliza, namwonyesha farasi, kisha namwambia Maxim ilikuwa wapi. Sizitundiki ukumbini. Ziko kwenye bahasha, na huzitoa mtu akitaka kujifunza. Anayeona vyema asiziguse kabisa, simlaumu.

Mlima_Chetambe (Webuye)

Nashukuru Dada amefungua mlango huo. Mimi natoka karibu na Chetambe. Mwaka 1895 wazee wetu wa Bukusu walipigana na jeshi lililoongozwa na ofisa wa Uingereza, C. W. Hobley, kwanza Lumboka halafu Chetambe, ngome za udongo zenye handaki kuzunguka. Handaki bado linaonekana ukipanda juu. Nimetafuta picha yoyote ya enzi hizo inayoonyesha pambano lile, ya litho au ya gazeti, sijaiona. Je, kuna mtu ana habari?

KaratasiKuukuu (Nakuru)

Mzee wa Chetambe, nami sijawahi kukutana nayo. Ila tunaweza kufikiri kwa nini. Wachoraji walikwenda kule ambako magazeti yao yaliwatuma, na magazeti yaliwatuma mahali ambapo wasomaji walikuwa na ndugu jeshini. Crimea ilikuwa na maelfu ya askari wa Uingereza. Chetambe jeshi lilikuwa la askari wa Kisudani na wasaidizi wengine Waafrika chini ya Wazungu wachache. Hakuna mama wa London aliyekuwa akisubiri barua kutoka Lumboka. Na reli ilifika Kisumu mwaka 1901 tu. Kabla ya hapo mchoraji angetembea kwa miguu kutoka pwani.

Tena biashara yenyewe ya mawe ilikuwa inazama. Kufikia 1905, Koitalel alipouawa, magazeti yalishaanza kuchapa picha za kamera moja kwa moja. Currier & Ives walifunga mwaka 1907. Vita vyetu viliangukia mwishoni kabisa mwa enzi ya litho, na mbali kabisa na soko lake. Mwenye ushahidi wa Chetambe ni lile handaki na wazee wanaosimulia. Ningekuwa karibu nawe ningelipima na kulichora kabla mashamba hayajalimeza.

Sosiani_River (Eldoret)

Niongeze kidogo. Kuna Waafrika waliojichorea ushindi wao. Adwa, tarehe 1 Machi 1896, Menelik alipowashinda Waitaliano. Wachoraji wa Ethiopia waliichora mara nyingi sana baadaye, si kwa litho bali kwa rangi juu ya kitambaa. Mtakatifu George juu angani kwa farasi, Wahabeshi upande mmoja nyuso zao zikikutazama kamili, Waitaliano upande wa pili. Katika mila yao ya uchoraji, waovu huchorwa kwa upande, jicho moja tu. Sasa hapo mchoraji amesimama wapi, mwalimu?

KaratasiKuukuu (Nakuru)

Amesimama kwao, na hafichi! Hilo ndilo ninaloliheshimu. Katika picha za Ulaya upande umefichwa ndani ya moshi na mandhari, mpaka mtazamaji anadhani anaona tukio lenyewe. Mchoraji wa Ethiopia anakuambia kwa idadi ya macho nani ni nani. Kama una nafasi ya Addis Ababa, tafuta moja. Ukiweka picha ya Adwa kando ya Balaclava ya Simpson una somo zima la jinsi vita hukumbukwa.

Ziwani77 (Kisumu)

Mwalimu, nimefungua fremu jana jioni kama ulivyosema. Hadibodi imetoka vipandevipande. Ukingo upo mzima na "Day & Son" naisoma. Lakini rafiki ananitisha kwamba kuna nakala za kisasa zenye maandishi yote hayo. Nitajuaje?

KaratasiKuukuu (Nakuru)

Sasa tumefika kwenye lenzi. Azima lenzi ya sonara au ya fundi saa, ile ya kukuza mara kumi. Sogeza jicho kwenye anga ya picha, mahali penye kijivu chepesi. Ikiwa ni chapa ya kisasa utaona vitone vya duara vimejipanga kwa usawa, bluu, nyekundu, manjano na nyeusi, vikifanya maua madogo yanayojirudia. Hiyo ni nakala, haijalishi fremu ina umri gani. Ikiwa ni litho, utaona chembechembe zisizo na mpangilio, nyingine nene, nyingine zimekatika, kama chaki iliyopita juu ya sakafu ya saruji. Hiyo ni punje ya jiwe lenyewe.

Kisha tazama rangi. Zilizopakwa kwa mkono huvuka mistari hapa na pale, na baadhi ya sehemu za giza hung'aa ukiinamisha karatasi kwa sababu ya gundi iliyopakwa juu. Pitisha kidole kwa nyuma ukingoni: litho haina ile alama ya bamba la shaba iliyobonyea kuzunguka picha. Ukiihisi, una chapa ya aina nyingine, huenda nzuri pia, lakini si litho.

Mwisho, nenda dukani kwa mtu mwenye tochi ya kukagua noti bandia, omba akumulikie ukingo gizani. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya miaka ya 1950 zina dawa ya kung'arisha, nazo huwaka weupe wa bluu. Karatasi ya 1855 hubaki imefifia. Tahadhari moja: kutowaka pekee hakuthibitishi umri, maana ziko karatasi mpya zisizo na dawa hiyo. Kuwaka ndiko kunakohukumu.

Pima pia picha kwa rula, bila ukingo, ulinganishe na nakala iliyosajiliwa makumbusho. Maktaba ya Bunge la Marekani, kule Washington, imeweka picha za Simpson, Currier & Ives na Kurz & Allison mtandaoni bure, kwa ukubwa wa kutosha kuona mistari ya kalamu. Linganisha kitu kidogo, mkia wa farasi au jani, si picha nzima.

Ziwani77 (Kisumu)

Nimefanya yote. Anga ina chembechembe zisizo na mpango, hakuna ua hata moja. Tochi ya muuza duka la M-Pesa haikuwasha kitu. Kijani cha nyasi kimevuka mstari mahali pengi. Vipimo vinalingana na vya Washington.

KaratasiKuukuu (Nakuru)

Basi unayo, ndugu yangu, na babu yako aliitunza vizuri. Andika alichokuambia babu kwenye karatasi tofauti: aliipata kwa nani, kituo gani, mwaka gani kama unajulikana, na ihifadhi pamoja nayo. Usiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino. Na akitokea mtu anayetaka kuipeleka nje ya nchi, uliza kwanza Makumbusho ya Taifa, maana kuna sheria ya mwaka 2006 kuhusu vitu vya kale. Kisumu mna makumbusho yenu, anzia hapo.

Kadibodi safi nitakuwa naagiza mwezi ujao. Niambie vipimo nikukatie na wewe, pamoja na Mzee wa Chetambe akiwa na michoro ya handaki tayari.

Mlima_Chetambe (Webuye)

Jumamosi napanda na futi ya fundi na wazee wawili. Nitaweka vipimo hapa.